Nyanya za Siku ya Mazishi

Torino, 4 Septemba 1966

Dada Olimpia,

Nimefika salama. Garimoshi lilijaa watu wa kwetu na mabegi yao ya kamba, nikasimama kutoka Napoli mpaka Roma, ndipo baba mmoja akanionea huruma kwa sababu ya nguo zangu nyeusi akanipisha. Delfino alinipokea kituoni. Alinibebea begi na hakuniuliza kitu, mume wangu ana wema wa aina hiyo.

Nimeondoka nyumbani kama mwizi. Nilikugongea mlango wa chumba ulichojifungia, najua ulinisikia, maana kitanda kililia. Udongo wa kaburi la baba haujakauka na sisi wawili tayari hatusemeshani.

Kama nilikosea, nisamehe. Nilikuwa nimetoka safarini sijala, na mama alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu baba akate roho. Sikuwasha moto, Dada. Jiko nililikuta baridi na nikaliacha baridi, hilo hata Bi Giuditta hawezi kulikana. Nyanya haipikwi, jibini halipikwi. Niliona nimemlisha mama bila kuvunja mwiko wa msiba, wala sikufikiri zaidi ya hapo.

Mweleze hivyo Bi Giuditta, tafadhali. Na mwanawe Aniello mwambie mdogo wako ni mpumbavu lakini hana ubaya. Harusi yenu iliyopangwa baba akiwa hai isubiri tu nguo nyeusi zivuliwe.

Mbusu mama.

Mdogo wako,
Ermelinda


Anacapri, 19 Septemba 1966

Linda,

Salamu sina. Umeandika kwamba jiko lilibaki baridi. Hongera. Nani amekuuliza habari za jiko?

Hebu nikufundishe upya, maana naona Torino imekusugua kichwa mpaka ndani. Nyumba yenye maiti haiwashi moto ili majirani wapate njia ya kuingia. Mwiko ni kujilisha. Ukifiwa unakaa, unalia, unasubiri kulishwa, na aliyekuletea chakula cha pole amekwambia mbele ya watu wote: wewe ni wangu. Hata watoto wa hapa wanalijua hilo. Wewe umelala na mwiko huu kitanda kimoja miaka yote ya utoto wako, leo unaniletea hesabu ya kuni na makaa!

Na wa kwanza kuleta alikuwa Bi Giuditta. Ilikuwa haki yake, kwa kuwa mwanawe ananioa mimi. Ndiyo maana mchana ule hakuna mwanamke aliyetuletea hata kipande cha mkate, walikuwa wanamwachia nafasi. Alimchinja jogoo wake, yule mwekundu. Kengele ya jioni ilipolia akatoka kwake na sinia limefunikwa kitambaa cheupe cha harusi yake mwenyewe, akapita milango yote ya kichochoro, wanawake wamesimama vizingitini wanafanya ishara ya msalaba. Akasukuma mlango wetu. Akakuta nini? Mama anafuta mafuta ya sahani kwa mkate, na jani la mrehani limemganda kwenye jino.

Aligeuka akapita milango ileile na sinia lilelile limejaa, mchuzi bado unafuka. Hilo ndilo lililonitoa machozi, huo mvuke. Nani kwenye kichochoro hakuuona?

Unaniambia nimweleze. Nilikwenda. Alinifungulia nusu mlango akasema, "Msiba wenu ni wenu, binti yangu. Mmeshiba, Mungu awabariki." Aniello hajakanyaga kwetu tangu siku ile. Nikipita mbele ya karakana yake anainama juu ya ngozi za ndara kama aliyedondosha sindano.

Mama analia kila siku. Anasema, "Linda ndiye aliyeniletea sahani, ningekataaje mkono wa mwanangu?" Hakulaumu kabisa. Mimi nakulaumu.

Olimpia


Torino, 16 Oktoba 1966

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Una haki. Nilisahau, au nililijua nikaliacha lipite, sijui lipi ni baya zaidi.

Nimemwandikia Bi Giuditta mwenyewe. Nimemwambia kosa ni langu peke yangu, wewe hukuwapo jikoni, mama alikuwa hajiwezi kwa majonzi. Nimemwomba kama mtoto wake, maana ndiye aliyenishika siku ya ubatizo wangu. Labda atalainika.

Unajua kinachoniuma? Niliitengeneza sahani ile kwa mapenzi yote niliyo nayo. Nilichuma nyanya pale ukutani, zile kubwa zenye mikunjo ambazo baba alikuwa akizifunga kwa vitambaa vya shati lake la zamani. Zilikuwa bado na joto la jua. Nikazikata vipande vinene, nikazinyunyizia chumvi kwanza zitoe maji yake, halafu ndipo nikalikata jibini, maana ukilitanguliza hilo linakauka ngozi. Lilikuwa la asubuhi ileile, likilia maziwa chini ya kisu. Nikapanga nyekundu na nyeupe zikipishana. Mrehani nikauchana kwa vidole. Mafuta yetu, na basi. Sikuweka kingine, hapahitaji kingine. Nilikuwa nasikia harufu ya mikono yangu na, Mungu anisamehe, siku ya kumzika baba nilifurahi. Nilikuwa nyumbani, namkatia mama yangu nyanya.

Huku si nyumbani. Jumapili iliyopita mama mkwe wangu, Bi Ortensia, aliniambia niwatengenezee "ile sahani ya kwenu". Nyanya za sokoni zilikuwa ngumu kama viazi, na jibini lake lilikuwa limelala kwenye jokofu tangu Alhamisi, limekaza kama raba. Nilipomaliza akachukua chupa ya siki akamimina mpaka sahani ikaogelea.

"Mama, hiyo haiwekwi siki," nikamwambia.

"Bila siki ina ladha gani?" akasema. "Kumbe ndicho kitu mnachojisifia nacho nyinyi watu wa kusini? Nyanya na jibini! Huku kwetu chakula hiki tunawapa watoto siku mama yao ameshikwa na uvivu."

Wakacheka wote, na Delfino akacheka kidogo, akitazama sahani yake. Mimi pia nilicheka. Kisha nikaenda kulia msalani na bomba la maji limefunguliwa.

Nijibu, hata kwa matusi. Barua yako ya matusi nilifurahi kuiona mlangoni.

Ermelinda


Anacapri, 3 Novemba 1966

Mwanangu Linda,

Ni mimi mama yako ninayesema, dada yako anaandika, maana unajua kalamu sikuzaliwa nayo. Jana ilikuwa Siku ya Marehemu, tumempelekea baba yako maua ya krisanthemu na taa. Njia ya makaburini imenimaliza. Miguu imevimba, usiku inawaka. Olimpia ananikanda na mafuta ya moto. Bila yeye ningekuwa nimeshaoza, na ninyi mngeambiwa na harufu.

Usijitese kwa mambo ya Agosti. Nimekusamehe. Hata kwa marehemu nimekutetea, nikamwambia: Costanzo, mtoto alikuwa na njaa, hakujua alitendalo. Na habari za Aniello, hayo ni mapenzi ya Mungu. Mwanamume anayetetemeka mbele ya mama yake hamfai binti yangu.

Usitumie pesa za mumeo kuja huku. Mke mahali pake ni kwa mume. Sisi hapa tunatosha, dada yako na mimi.

Nakubariki.

Mama yako,
Virginia

Linda, nimeandika kama alivyosema. Pale pa "nimekusamehe" alitaka niandike mara mbili, nimeandika mara moja. Ile barua yako kwa Bi Giuditta amenirudishia mkononi nje ya kanisa, mbele ya watu, haijafunguliwa. Naiambatisha. O.


Torino, 11 Januari 1967

Mama,

Najua maneno haya utayasikia kwa sauti ya Olimpia, kwa hiyo nayapima.

Umenisamehe, ahsante. Nimeisoma barua yako huku nimesimama ngazini na theluji ikiyeyuka kwenye viatu vyangu, nikarudia lile neno mara nyingi nikijaribu kulielewa. Mama, wewe na mimi tunajua tulichosemezana chumbani kwako jioni ile baada ya watu kuondoka. Sitaki kulisema mimi. Nakuomba ulitoe wewe, kwa kinywa chako, umwambie dada. Bado hakujachelewa. Aniello hajaoa, na Bi Giuditta ana kiburi lakini ana moyo, akielezwa na mtu mzima mwenzake atasikia.

Umenibebesha, nimebeba. Lakini mzigo wenyewe unamwangukia yeye.

Nakubusu mikono.

Linda


Anacapri, 20 Februari 1967

Linda,

Nilimsomea mama barua yako yote, sikuruka neno. Alisikiliza macho kayafumba, rozari mkononi. Nilipomaliza nikamuuliza, "Mama, ni jambo gani hilo unalotakiwa uniambie?" Akanijibu, "Baridi ya huko imemchanganya, maskini. Kuna supu imebaki?" Nikampashia supu. Basi, ndiyo majibu yako hayo.

Sasa sikia yangu, ili usinipe tena habari za "hakujachelewa". Wiki iliyopita nilimfuata Aniello karakanani. Nilichagua saa ambayo mama yake huwa sokoni, nikaingia nikafunga mlango nyuma yangu, mimi, mwanamke wa umri wangu, kama msichana anayetoroka darasani. Alikuwa anapiga misumari kwenye soli.

Nikamwambia, "Aniello, nyanya tu. Sahani ya nyanya."

"Si nyanya, Olimpia. Mama kapita kichochoro kizima na sinia limejaa. Mpaka leo wale wa kisimani wakimwona wanamuuliza jogoo aliishia wapi. Unataka nimfanyeje mama yangu?"

"Umwambie ni maisha yako."

"Nimemwambia. Akavua ile pete ya marehemu baba akaiweka mezani, akasema siku utakapoingia wewe yeye atatoka." Kisha akaniangalia, kwa mara ya kwanza tangu Agosti. "Kwani wewe, Oli, ungeweza kumwambia wako?"

Nilisimama pale nikinusa gundi. Nilikuwa na shuka nilizozitarizi herufi zetu mbili, jozi kamili, na nilikuwa nimekusudia kumwambia kwamba siwezi kuzifumua. Sikumwambia. Nilimrudishia pete yake ya uchumba, naye hakuikataa.

Baada ya Pasaka anamwoa Nunziatina, binti wa mwoka mikate. Mtoto mzuri, ana meno yote. Mama aliposikia alisema, "Unaona? Wala hakungoja nguo zetu nyeusi zivuliwe," kisha akala vizuri sana usiku ule.

Usiniandikie habari zao tena.

Olimpia


Torino, 28 Mei 1967

Dada,

Nimejizuia kuandika mpaka harusi yao ipite. Najua imepita, Delfino ana rafiki kiwandani, mtu wa kisiwa chetu cha Capri, ambaye dada yake alikuwapo. Sitasema kitu juu ya hilo, umenikataza.

Nina habari yangu. Nina mimba. Daktari anasema nitajifungua mwishoni mwa Oktoba. Nimeshapoteza mbili, unazikumbuka, safari hii nilinyamaza mpaka nikahisi mtoto anacheza, maana niliogopa kulitamka.

Ninakuomba mambo mawili. La kwanza, niruhusu nije Agosti kwa misa ya mwaka wa baba, nibaki mpaka nijifungue. Sitaki kuzaa hapa. Bi Ortensia ameshaniambia mtoto akilia sana ni kwa sababu ya damu ya kusini. Nataka nizae kwenye kitanda cha mama, na wewe umenishika mkono, kama tulivyokuwa tukisema tulipokuwa wadogo. La pili, nataka umbebe wewe siku ya ubatizo. Akiwa msichana ataitwa Olimpia. Hata ukikataa kumbeba ataitwa hivyo.

Ukiniambia "njoo" tu, kwa neno moja, nitafunga mizigo.

Linda


Anacapri, 15 Juni 1967

Linda,

Mungu amlinde mtoto. Nimemwashia Mtakatifu Antonio mshumaa kwa ajili yake.

Usije. Mama hawezi kelele za mtoto mchanga, na kichochoro hiki bado kina ndimi. Ukionekana tu unapita na tumbo lako, watasema: yule hapa, amekuja kutuonyesha alichovuna baada ya kumvunjia dada yake harusi. Mimi ndiye ninayepita hapo kila siku. Wewe ungepita mara moja ukapanda meli.

Jina la mtoto ni lenu. Usimwite Olimpia, limeshatumika vibaya mara moja.

Olimpia


Torino, 23 Julai 1967

Dada Olimpia,

Nitasema. Nimezunguka na jambo hili mwaka mzima kama mtu mwenye kaa mkononi, na sasa nina mtoto tumboni na sitaki azaliwe nikiwa nimelikamata bado.

Mchana ule wa mazishi, wewe ukiwa uani, mama aliniita jikoni. Alikuwa amesimama dirishani, ubao wa dirisha kausukuma kidogo, anachungulia kichochoroni. Akaniambia, "Giuditta kaniletea ujumbe. Jogoo wake ni mzee, hajaiva, atakuja kesho. Leo hakuna anayekuja. Nina njaa, Linda, nitaanguka. Kata nyanya."

Nikamwambia, "Mama, tusubiri, labda mwingine ataleta."

"Nani? Wote wanamwachia yeye. Kata, mwanangu. Moto hatuwashi, kwa hiyo dhambi haipo."

Yale maneno ya moto niliyokuandikia mwanzo, yaliyokukasirisha, yalikuwa ya kwake. Niliyarudia tu, kwa sababu nilikuwa nimeyaamini.

Nilipokuwa nachuma mrehani akaniita tena kutoka dirishani, "Haraka, haraka!" Nilidhani ni njaa inayomharakisha. Alikaa, akala, hakunisubiri. Kengele ikalia, mlango ukafunguka. Na Bi Giuditta alipogeuka na sinia lake mama akapiga kelele, mpaka nje wakasikia, "Linda, umefanya nini!"

Nilibaki na kisu mkononi. Nilidhani nina wazimu.

Jioni, watu walipoondoka, aliniita chumbani kwake. Alinishika hapa penye mshipa wa mkono akaniambia, na sitabadilisha neno: "Wewe umeshakwenda. Huyu naye akienda, nani atanifumba macho? Giuditta angemchukua akamfanya wake, ningekuwa namwona binti yangu kwa mialiko. Wewe una mume, una nyumba, chuki ya dada yako haitakuua. Beba, Linda. Umeniacha, basi hilo ndilo utakalonilipa."

Nami nikabeba, kwa kuwa ni kweli nilimwacha. Niliolewa mbali, nikawaacha ninyi wawili na kikohozi cha baba. Nilijiambia ni haki. Lakini sijawahi kukuonea wivu wala kukutakia mabaya hata dakika moja, na ninakufa kwa kuchukiwa na wewe, dada yangu, ninakufa kweli.

Sikuambii haya ili umchukie mama. Nakwambia ili unifungulie mlango. Nipo tayari kuja hata kwa siku ya misa tu, nikae benchi la nyuma.

Nijibu upesi.

Linda wako


Anacapri, 21 Agosti 1967

Linda,

Misa ilikuwa jana. Padri alimsifu baba vizuri, ingawa alikosea jina la mtaa. Bi Giuditta alikuja, akakaa upande wa pili.

Barua yako ilifika zamani. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa sijui niseme au ninyamaze, lakini umesema wewe, kwa hiyo nami nitasema.

Nilikuwa uani, naosha gilasi za watu waliokuja kumuaga baba. Dirisha la jikoni la upande wa uani lilikuwa wazi. Nilimsikia mama akikwambia Bi Giuditta haji. Na mimi ndiye niliyekuwa nimetoka kumwambia, muda mfupi tu kabla ya hapo, kwamba jogoo ameiva na Bi Giuditta atatoka kengele ikilia. Nilidhani huzuni imemvuruga masikio. Niliendelea kuosha gilasi. Ningeingia ndani nikasema neno moja ningekuwa leo mke wa mtu, lakini mtu hamdhanii mama yake kitu kama hicho siku ya kumzika mumewe.

Aliposema "Linda, umefanya nini!", hapo nilijua. Sauti ile tunaijua sote wawili. Ndiyo aliyokuwa akiitoa tukiwa wadogo, akivunja bakuli yeye halafu baba akaingia.

Basi nilikuwa ninajua tangu jioni ile, nikiwa nimejifungia na wewe unagonga. Nilijua nilipokuandikia yale ya Torino kukusugua kichwa. Nilijua nilipokuwa nashika kalamu, yeye kitandani ananiambia niandike amekusamehe. Hapo niliikandamiza kalamu karibu itoboe, ukiitazama ile karatasi utaona.

Ningeweza kusimama katikati ya kichochoro nikasema: mama yangu, mjane wa leo, kamtega mwanawe kwa sahani ya nyanya ili mimi nisiolewe. Wangeniamini. Bi Giuditta angekuwa wa kwanza, na Aniello angerudi mbio. Na mama asingeweza tena kwenda kisimani, wala kanisani, mpaka afe. Mimi sikuweza kumvua nguo mama yangu hadharani. Wala usinisifu, hakuna sifa hapo. Kwa siku nyingi nilitamani ningeweza.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo jibu lako.

Kila asubuhi ninamwinua kitandani. Ananishika shingoni, mzito, ana harufu ya usingizi. Namwosha miguu, kidole kwa kidole, namchana nywele, naye ananiambia, "Polepole, Oli," na mimi nakwenda polepole. Mtu unayemwosha huwezi kumchukia. Nimejaribu. Siku niliyojaribu maji yalikuwa ya moto mno akalia kama mtoto, nami nikalia naye, nikampaka mafuta ya zeituni mpaka jioni. Lakini chuki ninayo, Linda. Ninayo nyingi, nina ya shuka, ya pete, ya Nunziatina ambaye sasa ana tumbo kama lako. Ilihitaji mahali pa kukaa. Nikaipeleka Torino. Uko mbali, una mume wa kukubebea begi, una mtoto. Mama alichagua vizuri. Ningekuwa mimi ningekuchagua wewe.

Kwa hiyo usije, wala sasa wala mtoto akizaliwa. Zaa huko, mbatize huko, hata Bi Ortensia ana mikono. Ukija nitakuona umesimama mlangoni umechoka na tumbo limekuzidi, nitakukumbatia, tutalia mpaka kichochoro kizima kitoke, na nitakusamehe. Naijua roho yangu, haitachukua hata dakika.

Halafu utapanda meli. Na nikishakusamehe wewe, humu ndani atabaki yeye peke yake, na asubuhi lazima nimwoshe.

Dada yako,
Olimpia